Mwenda kwa Miguu, Shika Upande wa Kulia

Mkulima hodari hujihadhari na kupe wa ng'ombe na wadudu wa mahindi. Je, hujihadhari na barabara pia? Katika Kenya, kundi kubwa zaidi la wanaouawa barabarani ni watu waendao kwa miguu.

Wakulima wa skimu za Lugari, katika Kakamega, huipitia barabara kuu ya Eldoret na Webuye wakipeleka maziwa alfajiri. Basi yafaa kujua haya.

Magari yetu hushika kushoto. Pasipo na njia ya miguu, wewe shika kulia kabisa, ili gari la upande wako likujie usoni, si mgongoni. Ukiliona mapema utalipisha.

Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja. Kabla dereva hajakanyaga breki, limekwisha kula mita hizo, na lami ikilowa mvua halisimami upesi.

Mkiwa wengi, fuataneni mmoja mmoja. Gizani vaa nguo nyeupe, na uchukue tochi. Ukishuka matatu, ngoja iondoke ndipo uvuke. Usivuke nyuma ya trekta la miwa, huoni lijalo. Mtoto mdogo mshike mkono. Ukiswaga ng'ombe, mtu mmoja atangulie, mwingine afuate nyuma.

Maziwa yakimwagika, ng'ombe atakamuliwa tena kesho. Lakini mguu ukivunjika wakati wa palizi, nani atalima shamba lako?