Somo la Mwezi Huu: Kwanza Kufunga, Ndipo Kupakia

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja, hasa na ninyi wainjilisti mkaao mbali na mji, jinsi ya kumsaidia mtu aliyeumia ghafula. Wako wasemao, "Hiyo ni kazi ya daktari." Ni kweli, daktari anayo kazi yake. Lakini katika nchi yetu hii ya Dodoma na nyanda za kati, ambako vijiji vimetawanyika, na njia za mchanga hukatwa na makorongo wakati wa mvua, daktari hafiki wa kwanza. Afikaye wa kwanza ni jirani, au mchunga ng'ombe, au mwalimu wa shule. Basi, yafaa huyo ajue la kufanya.

Hatusemi haya kama watu wasio na kosa. Tulipokuwa tungali vijana katika utumishi, kijana mmoja wa kijiji tulichokaa alijikata mguu kwa shoka, akikata miti ya miiba ya kujengea zizi. Watu wakapiga mayowe, tukakusanyika wengi. Wengine walikimbia kutafuta gari, wengine walimpepea, nasi tulipiga magoti tukamwombea. Kisha tukamwinua, tukampakia, tukaenda mbio. Alikata roho kabla hatujaifikia lami. Tulipofika hospitalini mganga alituuliza neno moja tu: "Ni nani aliyelibana jeraha?" Sote tukanyamaza. Kuomba hakukuwa kosa. Kosa letu lilikuwa kuiacha mikono ikae bure, maana palikuwa na mikono mingi pale, wala hata mmoja haukuwekwa penye damu.

Tangu siku ile twaisoma habari ya Msamaria mwema kwa macho mengine. Tazameni taratibu ya matendo yake: alikaribia, akafunga majeraha, ndipo akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake na kumpeleka mahali pa kutunzwa. Sisi tulianza kwa kupakia. Jina hili la Msamaria lilitumiwa pia na Friedrich von Esmarch, mganga mpasuaji wa mji wa Kiel, Ujerumani. Katika mwaka 1882 alianzisha huko chama cha Wasamaria, ili watu wasio waganga wafundishwe kuwasaidia walioumia. Alifundisha pia matumizi ya kitambaa cha pembe tatu, kifaacho kwa kufunga jeraha na kuning'iniza mkono uliovunjika. Kanga iliyokunjwa kwa pembe yaweza kufanya kazi hiyo.

Sasa na tuyaweke mafundisho haya kwa taratibu.

1. Tazama kwanza mahali penyewe. Ukigongwa na gari wewe nawe, walioumia watakuwa wawili. Penye ajali ya barabarani weka matawi ya miti pande zote mbili, mbali kidogo, na mtu wa kuwapungia wenye magari. Penye waya wa umeme usimguse mtu mpaka umeme ukatwe. Mwagize mmoja kwa kumwonyesha, "Wewe, piga simu," maana ukiwaambia wote, hapigi mtu.

2. Tazama pumzi. Mwite aliyeumia, mguse mabegani. Asipoitika, angalia kifua chake kwa muda usiozidi sekunde 10. Akipumua vema, wala hakuna dalili ya kuumia shingo au mgongo, mlaze kwa ubavu, ili ulimi au matapishi yasimzibe koo. Asipopumua, mlaze chali mahali pagumu, weka kitako cha kiganja katikati ya kifua chake, na kiganja cha pili juu yake, ukandamize kwa nguvu. Kwa mtu mzima kifua kishuke kiasi cha sentimita 5, lakini si zaidi ya 6, mara 100 hata 120 kwa dakika. Aliyefundishwa ampulizie pumzi mbili kila baada ya mara 30. Asiyefundishwa aendelee kukandamiza tu, asiache. Lakini mtoto aliyetolewa katika lambo la maji ana haja kubwa ya pumzi, na kwa ajili yake ni heri kujifunza mapema.

3. Zuia damu. Vaa glavu ukiwa nazo. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, bana kwa nguvu zote, wala usifunue kila mara kutazama, maana damu inayoanza kuganda itafunguka tena. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, uzidi kubana. Ikiwa kitu kimechoma na kubaki mwilini, usikichomoe. Bana kando kando yake. Mlaze mgonjwa, mfunike asishikwe na baridi, usimpe chakula wala kinywaji.

4. Usimkunje aliyevunjika. Desturi yetu ni kumshika mtu makwapani na miguuni na kumtupa katika gari. Ikiwa mgongo au shingo imeumia, kwa kufanya hivyo twaweza kumfanya kiwete wa maisha. Isipokuwa pana moto au hatari nyingine, mwacheni alale alivyo, mmoja amshikilie kichwa kisitikisike. Mkimhamisha, mchukueni watu kadha kwa pamoja, juu ya ubao au mlango, mwili ukiwa umenyooka.

5. Moto. Mimina maji safi ya baridi juu ya mahali palipoungua kwa muda wa dakika 20. Twajua ya kuwa kwetu maji ni ya taabu. Basi, mimina polepole kwa kikombe, na maji yakingwe katika beseni. Usipake samli, unga, dawa ya meno wala tope.

6. Nyoka. Katika mashamba yetu moma hulala njiani bila kukimbia, na mchungaji humkanyaga. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, wala usipoteze saa kwa jiwe jeusi. Vua pete na bangili kabla kiungo hakijavimba. Mgonjwa asitembee, kiungo kitulizwe kama kilichovunjika, achukuliwe hospitalini upesi. Swila akitema machoni, osha macho kwa maji mengi.

7. Kifafa. Hapa twasema kwa huzuni, maana wengine wamewaacha ndugu zao waungue motoni kwa kuogopa povu. Povu la kifafa haliambukizi. Mwondoe mgonjwa penye moto, weka nguo chini ya kichwa chake, usimtie kijiko mdomoni, usimfunge. Degedege likiisha, mlaze kwa ubavu. Likipita dakika 5, apelekwe kwa waganga.

Je, wakiumia watu wengi pamoja? Wazee wengi wa Dodoma hawajaisahau tarehe 24 Juni 2002. Siku hiyo, huko Igandu, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilirudi nyuma bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 walikufa. Katika msiba wa namna hiyo sikio huvutwa kwa yule anayelia kuliko wote. Lakini anayelia anapumua. Mtazame kwanza aliyenyamaza, kama pumzi imezibwa. Kisha mwendee anayevuja damu nyingi, ndipo waliovunjika. Na wale wawezao kutembea waombwe kukaa mahali pamoja, hata kusaidia.

Baada ya hayo yote ndipo kupakia. Mwinjilisti yafaa awe na namba za wenye magari wa kijiji chake, naye azijue kabla ya siku ya haja. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua, au mtoto mchanga aliye hatarini, uko mpango wa m-mama, ambao piga simu yake ni bure kwa namba 115, nao huwatumia hata madereva wa vijijini pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu.

Ndugu, somo la karatasi halitoshi. Mikono hujifunza kwa kufanya. Kila usharika na uwaombe waganga wa kituo chake, au watu wa Msalaba Mwekundu, waje siku moja kuwafundisha vijana, akina mama na wazee. Na katika nyumba ya mwinjilisti uwekwe mfuko mmoja, wenye vitambaa safi, glavu, mkasi, sabuni na tochi. Gharama yake ni ndogo. Sisi twaijua gharama ya kukosa hata kitambaa kimoja penye jeraha.

Maswali ya kujipima:

Kwa nini hatumpakii aliyeumia kabla ya kuzuia damu?

Katika kundi la walioumia, twamwendea nani kwanza, na kwa sababu gani?

Ni desturi zipi za kijiji chetu, katika habari za moto, nyoka na kifafa, zitupasazo kuziacha?

Leo mtu akiumia karibu na kanisa letu, ni nani atakayelibana jeraha, na ni nani atakayepiga simu? Semeni majina yao.