KIVINJARI KIPI KITUFAE NYUMBANI?

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Mwenzangu msomaji, nawaomba radhi wahenga, lakini katika makala haya nitawapinga kidogo. Lipo jembe moja ambalo usipolichagua vizuri, utalima wewe na mavuno atavuna mwingine. Jembe hilo ni kivinjari.

Kivinjari ni nini? Ni programu inayotufungulia kurasa za tovuti katika tarakilishi. Jina hili limetokana na kitenzi "vinjari", yaani kuzunguka huku na huko ukitafuta au kuchunguza. Ukimuuliza mwanafunzi wa darasa letu anatumia kivinjari gani, atakujibu bila kufikiri, "Google!" Hilo ni kosa. Google ni mtambo wa kutafuta. Kivinjari cha kampuni hiyo kinaitwa Chrome. Hebu tulinganishe hivi: intaneti ni barabara, tovuti ni mji unakokwenda, mtambo wa kutafuta ni mtu unayemuuliza njia, na kivinjari ni gari ulilopanda.

Gari la kwanza liliundwa mwaka 1990 na Mwingereza Tim Berners-Lee, akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi. Mwaka 1993 kikaja Mosaic kutoka Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na ndicho kilichowavutia watu wengi wa kawaida kwa sababu kilionyesha picha na maandishi pamoja. Netscape Navigator kikafuata mwaka 1994, na Internet Explorer cha Microsoft mwaka 1995. Baadaye vilizaliwa Safari (2003), Firefox (2004), Chrome (2008) na Edge (2015). Baadhi ya hivyo vimeshakufa. Microsoft iliacha kukitunza Internet Explorer tarehe 15 Juni 2022.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike haya. Nyumbani tuna tarakilishi moja ya mtumba. Kumbukumbu yake ni gigabaiti 4 na ilikuja na Windows 7. Kila tulipotaja kubadilisha programu zake, baba alitwambia, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Basi tukanyamaza.

Dada yangu alipomaliza Kidato cha Nne, wakati wa kutuma maombi ya chuo ulifika. Ikabaki siku moja tu muda ufungwe. Tukafungua ukurasa wa maombi, kivinjari chetu kikatuandikia kwamba muunganisho si salama, kisha weupe mtupu. Tukazima, tukawasha, wapi! Jioni hiyo dada alikimbia hadi saiba, akajaza fomu huko na kurudi akitweta.

Asubuhi mama akanituma saiba ile ile nikachapishe risiti ya maombi. Kwa bahati nikapewa mashine aliyotumia dada. Nilipofungua ule ukurasa, loo! Jina lake lilikuwa limejijaza lenyewe, na nywila yake chini yake, vitone vyeusi vimejipanga. Ilibaki kubofya tu. Kumbe dada, kwa ile haraka yake, aliulizwa kama nywila ihifadhiwe naye akakubali bila kusoma. Muda wa maombi ulikuwa haujaisha, kwa hivyo mtu yeyote angeweza kuingia akabadilisha kozi alizochagua. Niliifuta nywila ile, nikarudi nyumbani mbio, naye akaibadilisha kwa simu ya mama.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba anayechagua kivinjari apime mambo manne.

La kwanza ni usalama. Tovuti nyingi leo huzungumza na tarakilishi kwa lugha ya siri ili wezi wasisikilize. Lugha hiyo hubadilishwa kila kukicha, na kivinjari kikuukuu hakiielewi. Ndiyo sababu tulifungiwa mlango. Kwa hivyo usianze kwa kuuliza, "Kivinjari kipi ni kizuri?" Uliza kwanza, "Kipi bado kinapata marekebisho katika mashine yangu?" Kwa mfano, Chrome toleo la 109 la Januari 2023 ndilo la mwisho kukubali Windows 7, na kwa Firefox ni toleo la 115 la Julai 2023. Hata Windows 10 yenyewe, Microsoft iliacha kuitunza bure kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

La pili ni kumbukumbu. Nilidhani kipo kivinjari chepesi kama unyoya. Nikafungua kurasa zile zile katika vivinjari viwili, kimoja baada ya kingine, nikaangalia kila kimoja kinakula kumbukumbu kiasi gani. Tofauti haikuwa kubwa kama nilivyotarajia. Kilichoila kumbukumbu ni wingi wa kurasa zilizoachwa wazi. Anayefungua kurasa ishirini kisha akalaumu kivinjari ni kama utingo anayejaza matatu hadi mlangoni kisha akalaumu kilima.

Tena, vivinjari vingi ni ndugu wa damu. Chrome, Edge, Opera na Brave vyote vimejengwa juu ya msingi mmoja uitwao Chromium. Ni kama matatu nne zilizopakwa rangi tofauti lakini injini ni ile ile. Firefox ina injini yake, Gecko, na Safari ina WebKit, ingawa Safari ni ya mashine za Apple pekee.

La tatu ni faragha na bando. Matangazo hula data yetu na mengine hutufuata kila tuendako. Brave huzuia matangazo mengi tangu siku ya kwanza. Katika Firefox unaweza kuongeza kizuizi kiitwacho uBlock Origin. Chrome ilianza kuzima viendelezi vya mtindo wa zamani mwaka 2024, na kizuizi hicho kikatolewa humo. Nionye pia kuhusu ile hali ya kuvinjari kwa siri. Inafuta historia katika mashine yako tu. Haimzuii anayekuuzia intaneti, wala shule, kujua umetembelea tovuti gani.

La nne ni watumiaji. Mashine ya nyumbani si ya mtu mmoja. Kila mmoja awe na wasifu wake ndani ya kivinjari, ili kaka asikute barua za mama wala mama asikute michezo ya kaka. Firefox hukuruhusu kuweka nywila kuu inayolinda nywila nyingine zote zilizohifadhiwa. Huko saiba, kanuni ni moja tu: usihifadhi chochote, na ukimaliza utoke katika akaunti yako kabla ya kuinuka.

Sisi tulichagua nini? Mwalimu wetu wa somo la Kompyuta alitushauri tuondoe Windows 7 na kuweka Linux Mint, mfumo usiolipiwa ambao huja na Firefox ndani yake. Baba alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Haya, mbachao umetoboka." Sasa Firefox ndicho kivinjari chetu cha kila siku. Tumeweka pia Chromium kama gurudumu la akiba, maana zipo tovuti ambazo waundaji wake hawakuzijaribu katika injini nyingine.

Sisemi kila nyumba ifanye kama yetu. Mwenye mashine mpya ana uhuru mkubwa zaidi, na huenda Edge au Chrome vikamtosha kabisa. Ninalosema ni kwamba asikubali tu kile alichokikuta. Afungue mipangilio, atazame toleo na tarehe ya marekebisho, kisha aamue mwenyewe.

Dada sasa yuko chuoni, akisomea kozi aliyoichagua yeye. Kila nikikumbuka vile vitone vyeusi, najua kwamba ingeweza kuwa kozi aliyochaguliwa na mtu asiyemjua. Nawe msomaji, leo jioni ukifika nyumbani, angalia gari lako kabla hujalipanda.