Herufi Moja Katika Damu: Umbo na Kazi ya Molekuli Kubwa za Mwili



Somo letu la leo linahusu molekuli kubwa zinazoujenga mwili. Wanafunzi wetu wa masomo ya sayansi hukutana na mada hii kidato cha tano, na wengi huikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakaiacha darasani. Waamini wa parokiani nao wanaweza kudhani haiwahusu. Lakini katika parokia zetu nyingi zipo familia zinazomuuguza mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita siko seli. Familia hizo hubeba mizigo miwili: ugonjwa wenyewe, na maneno ya watu. Kwa hiyo tumechagua kuifundisha mada hii kwa kufuata molekuli moja tu, hemoglobini. Tukiielewa vizuri, tutaielewa kanuni inayotawala molekuli zote za mwili, na tutajua la kumwambia mama anayeulizwa mtoto wake "amerithi mkosi wa nani".

1. Molekuli kubwa ni nini?

Mwili hujengwa kwa makundi manne makuu ya molekuli: kabohaidreti, lipidi, protini na asidi nukleiki. Tatu kati ya hizo hutengenezwa kwa namna inayofanana: vipande vidogo huunganishwa kimoja baada ya kingine mpaka vikawa mnyororo mrefu, kama shanga zinazotungwa kwenye uzi. Shanga za wanga ni glukosi. Shanga za protini ni asidi amino, ambazo ziko aina 20. Shanga za DNA ni nyukleotidi, aina nne tu, na tumezoea kuziandika kwa herufi A, T, G na C.

Lipidi, yaani mafuta na jamaa zake, hazitungwi hivyo. Hata hivyo nazo hufanya kazi kwa umbo lake. Zile zinazojenga utando wa seli zina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Ndiyo maana hujipanga zenyewe safu mbili, vichwa nje na mikia ndani, na kuifanyia seli ukuta. Msomaji aishike tabia hii ya kupenda na kuyakimbia maji, kwa sababu itatufaa baadaye.

2. Shanga zilezile, kazi tofauti

Kanuni ya mada nzima ni hii: umbo la molekuli ndilo linaloamua kazi yake. Tuchukue mfano wa shambani. Wanga ulio katika punje ya mhindi umetungwa kwa glukosi. Selulosi iliyo katika bua la mhindi huohuo nayo imetungwa kwa glukosi. Tofauti ni namna ya kuungana: katika selulosi, kila glukosi ya pili imegeuzwa juu chini. Kwa sababu hiyo mnyororo wa selulosi hunyooka, hulala sambamba na wenzake na kuwa imara kama kamba, wakati mnyororo wa wanga hujikunja.

Vimeng'enya vya tumbo letu vina umbo linaloendana na wanga, si selulosi. Ndiyo maana tunakula ugali tukashiba, lakini bua tunamwachia ng'ombe. Na hata ng'ombe hamalizi kazi hiyo peke yake. Husaidiwa na vijidudu wanaoishi tumboni mwake. Shanga ni zilezile, ila muungano umebadilika, na kazi imebadilika nayo.

3. Protini na ngazi zake nne

Protini ndizo watendaji wakuu wa mwili. Vimeng'enya vinavyosaga chakula ni protini, misuli hujongea kwa protini, na kingamwili zinazopambana na magonjwa ni protini. Umbo la protini huelezwa kwa ngazi nne.

Ngazi ya kwanza ni mpangilio wa asidi amino katika mnyororo: ipi imetangulia, ipi imefuata. Ngazi ya pili ni mikunjo midogo, ambapo sehemu za mnyororo hujisokota kama springi au kujipanga kama bati la migongo. Ngazi ya tatu ni pale mnyororo wote unapojikunja na kupata umbo lake kamili. Hapo asidi amino zinazoyakimbia maji kwa kawaida hujificha ndani, na zinazopenda maji hubaki nje. Ngazi ya nne huonekana katika protini zinazoundwa na minyororo zaidi ya mmoja iliyoshikamana.

Hemoglobini ina ngazi zote nne. Ina minyororo minne: miwili ya alfa, kila mmoja wenye asidi amino 141, na miwili ya beta, kila mmoja wenye asidi amino 146. Jumla ni 574. Kila mnyororo umeshika kipande kiitwacho himu chenye atomu moja ya chuma katikati. Chuma hicho ndicho kinachoishika oksijeni, kwa hiyo hemoglobini moja hubeba molekuli nne za oksijeni. Max Perutz alitumia zaidi ya miaka 20 kulitafuta umbo hili kwa miale ya eksirei, na mwaka 1962 alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na John Kendrew.

Hemoglobini hufanya kazi kwa kubadili umbo. Mnyororo mmoja ukiishika oksijeni, molekuli yote hujigeuza kidogo, na minyororo iliyobaki hushika kwa urahisi zaidi. Hivyo hujaza mzigo kwenye mapafu na kuushusha kwenye misuli, ubongo na viungo vingine. Halafu inarudi kuchukua mwingine.

4. Herufi moja inapobadilika

Mwili unajuaje asidi amino ipi iwekwe wapi? Maelekezo yamo katika DNA. Kila herufi tatu hutaja asidi amino moja. Maelekezo hayo hunakiliwa kwenye RNA, na RNA husomwa na ribosomu, kiwanda kinachozitunga shanga za protini kwa mpangilio ulioandikwa.

Jeni ya mnyororo wa beta iko kwenye kromosomu ya 11. Kwa kawaida, nafasi ya sita ya mnyororo huo huandikwa GAG, maana yake asidi ya glutamiki. Kwa mtu mwenye jeni ya selimundu imeandikwa GTG, maana yake valini. Herufi moja tu imebadilika, A imekuwa T.

Sasa tukumbuke lile la kupenda na kuyakimbia maji. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi ya umeme na hupenda maji. Inakaa kwa amani juu ya uso wa hemoglobini. Valini haina chaji hiyo, nayo huyakimbia maji. Hemoglobini hii, inayoitwa S, inapoachia oksijeni, valini hutafuta pa kujificha na kujichomeka katika kishimo kilicho kwenye hemoglobini ya jirani. Ya jirani nayo hushikana na nyingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu. Nyuzi hizo huisukuma chembe nyekundu kutoka ndani, na chembe iliyokuwa ya mviringo na laini huwa ngumu na kupinda kama mundu.

Chembe ya kawaida hupita kwenye mishipa midogo kwa kujikunja. Chembe iliyopinda hukwama, na nyuma yake hukwama nyingine. Sehemu iliyokosa damu huuma vikali: mifupa, kifua, tumbo. Ikitokea kwenye ubongo huleta kiharusi, hata kwa mtoto. Tena, chembe ya kawaida huishi siku zipatazo 120, lakini hii hufa baada ya siku 10 hadi 20. Matokeo yake ni upungufu wa damu, na macho ya mtoto kuwa ya manjano.

Sayansi ilifika hapa kwa hatua. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza chembe zenye umbo la mundu alizoziona katika damu ya mwanafunzi kutoka Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa husafiri tofauti inapovutwa na umeme, kwa kuwa chaji yake si ileile. Mwaka 1956 Vernon Ingram, huko Cambridge, aligundua kwamba tofauti ilikuwa ya asidi amino moja. Mpaka leo kipimo cha kutenganisha hemoglobini kwa umeme hutegemea ile chaji iliyopotea.

5. Kwa nini mtoto huzaliwa akiwa mzima?

Hapa ndipo maneno ya watu huanzia. Mtoto huzaliwa ana afya, watu wanakuja kumwona, anabatizwa. Baada ya miezi kadhaa mikono na miguu inavimba, analia usiku kucha, damu inapungua. Familia inajiuliza ni nani aliyekuja nyumbani, ni nani aliyembeba.

Jibu liko katika minyororo. Mtoto aliye tumboni hutumia hemoglobini ya aina nyingine, yenye minyororo miwili ya alfa na miwili ya gama. Haina beta, kwa hiyo kosa lile halionekani. Baada ya kuzaliwa, mwili huacha polepole kutengeneza gama na kuanza beta. Dalili hujitokeza kadiri hemoglobini S inavyochukua nafasi, mara nyingi kuanzia mwezi wa sita hivi. Hakuna aliyemroga. Maelekezo yalikuwamo tangu siku alipotungwa mimba.

6. Urithi na lawama

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Sheria ya urithi wa namna hii ilielezwa kwanza na Gregor Mendel, mtawa Mwagustino wa Brno, katika maandishi yake kuhusu njegere yaliyochapishwa mwaka 1866. Mwenye nakala mbili za kawaida ni AA. Mwenye moja ya kawaida na moja ya S ni AS. Kwa kawaida haumwi, na wengi hawajui kama wanayo. Mwenye mbili za S ni SS, naye ana ugonjwa.

Wazazi wawili wa AS wakipata mtoto, uwezekano ni asilimia 25 AA, asilimia 50 AS na asilimia 25 SS. Hesabu hii huanza upya kila mimba. Si kweli kwamba akizaliwa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Na tuone wazi: mtoto wa SS amepokea S kutoka pande zote mbili. Ukoo unaomfukuza mama kwa kosa hili unaikana nusu iliyotoka kwao wenyewe.

Kwa nini jeni hii ni ya kawaida kwetu? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya utafiti Afrika Mashariki, alionyesha kwamba watoto wa AS wanakingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Penye malaria nyingi, wenye AS walipona na kuzaa. Kwa hiyo jeni hii haikuja kama laana. Iliwaokoa wengi wa mababu zetu. Lakini mtoto wa SS hana kinga hiyo, na malaria kwake ni hatari kubwa.

7. Tufanye nini parokiani?

Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto takribani 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Tunaweza kufanya haya.

Kwanza, wachumba wapime mapema, kabla ya mipango ya harusi kuwabana. Waombe kipimo kinachotofautisha AS na SS, kwa sababu baadhi ya vipimo vya haraka huonyesha tu kwamba S ipo. Wasichanganye pia na kundi la damu: mwenye kundi A si lazima awe AA. Wawili wakikutwa wote ni AS, si kizuizi cha ndoa katika sheria ya Kanisa. Wanahitaji ukweli, ushauri na muda wa kuamua kwa dhamiri, bila kusukumwa na yeyote.

Pili, mtoto agundulike mapema. Bandama yake huharibika mapema na vijidudu humshinda kwa urahisi. Penisilini ya kila siku katika miaka mitano ya mwanzo, chanjo, kinga ya malaria na asidi foliki huokoa maisha. Homa kwake ni dharura: aende hospitali siku hiyohiyo. Anywe maji mengi na akingwe na baridi. Ipo pia dawa ya haidroksiurea, ambayo huuamsha mwili utengeneze tena hemoglobini ya utotoni, ile ya gama. Daktari ndiye anayeipima na kuifuatilia.

Tatu, jumuiya ndogondogo zimtembelee mgonjwa, zimsaidie mama nauli ya kliniki na kuchangia damu. Mwalimu wa katekisimu asimwite mvivu mtoto anayechoka haraka. Maumivu yake ni ya kweli hata pale tusipoona kidonda.

Maswali ya kujipima

1. Wanga na selulosi zote hutungwa kwa glukosi. Eleza kwa nini moja tunaimeng'enya na nyingine hatuwezi.
2. Taja ngazi nne za umbo la protini. Mabadiliko ya selimundu huanzia ngazi ipi?
3. Kwa nini mtoto wa SS haonyeshi dalili anapozaliwa?
4. Baba ni AS na mama ni AA. Je, wanaweza kupata mtoto wa SS? Onyesha kwa mchoro.
5. Jirani anasema mtoto mwenye selimundu amerogwa. Utamjibu nini bila kumdharau?

Swali la tano lijadiliwe katika jumuiya. Wanaseminari waliojibu manne ya kwanza wawe tayari kulieleza kwa lugha ambayo bibi yao kijijini ataielewa.