Wito wa Utawa: Maswali na Majibu

Wito wa utawa hutambulikaje?

Mara nyingi hauji kwa ndoto wala kwa sauti. Huanza na mvuto unaorudi mara kwa mara: katika sala, katika Misa, pengine kwa kumtazama sista akimhudumia mgonjwa zahanati. Mvuto ukibaki hata shauku ya mafungo ikishapoa, unastahili kuchunguzwa. Anayetaka utawa kwa sababu amefeli mtihani au uchumba umevunjika anatafuta pa kukimbilia, na nyumba ya kitawa haiponyi hayo.

Nani husaidia kuupima?

Paroko, muungamishi na mkurugenzi wa miito wa shirika husika. Wito haupimwi na mtu peke yake, tena haupimwi kwa sala tu. Kijana anayekwenda kukaa na watawa kwa siku chache hulima, hupika, hufua na kuishi na watu asiowachagua. Hapo tabia huonekana. Mashirika nayo hayafanani. Mmonaki wa abasia ya Ndanda au Peramiho huishi kwa ratiba ya sala na kazi, ilhali masista wengi wa mashirika ya kitume hutumwa hospitalini na shuleni, leo huku, kesho kule.

Malezi huchukua muda gani?

Baada ya hatua za mwanzo, za aspiranti na postulanti, huja unovisi, yaani kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri. Sheria ya Kanisa ya 1983 hairuhusu kuuanza kabla ya kutimiza miaka 17, na unovisi wenyewe haupungui miezi 12. Hufuata nadhiri za muda za ufukara, useja na utii, kwa miaka isiyopungua 3. Nadhiri za daima hazifungwi kabla ya kutimiza umri wa miaka 21. Urefu huo unalinda uhuru: novisi anaweza kuondoka wakati wowote, na shirika linaweza kumruhusu aende. Ndiyo maana ni dhuluma kumwita aliyerudi nyumbani “aliyefukuzwa”. Amepima, akapata jibu.

Wazazi wakikataa?

Mwenyeheri Anuarite wa Kongo alipitia hayo. Inasimuliwa kwamba mama yake hakukubali, naye akapanda lori lililowachukua mapostulanti kwenda Bafwabaka. Tarehe 5 Agosti 1959 alipofunga nadhiri katika Shirika la Jamaa Takatifu, wazazi walifika na mbuzi wawili. Baadaye mama alimtaka arudi kusaidia nyumbani, lakini Anuarite alikataa. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 akiilinda nadhiri yake ya useja.

Hata hivyo hofu ya wazazi si ya kudharauliwa. Kifungua mimba anayesomesha wadogo zake ana wajibu wa kweli, na mashirika makini huuzungumza na familia mapema. Kosa la upande wa pili ni kumsukuma mtoto aingie ili ukoo upate heshima. Sheria ya Kanisa inautangaza kuwa batili unovisi ulioingiwa kwa kulazimishwa, kwa woga mkubwa au kwa hila.