Tai Mwenye Shungi, Mwindaji wa Misituni

Wakulima wakaao kando ya misitu ya Kakamega na Mlima Kenya humjua ndege huyu kwa sauti yake, kwani huzunguka juu sana angani akilia mfululizo. Ni tai mkubwa, mwenye shungi la manyoya kisogoni na mabaka meusi kifuani. Uzito wake ni kilo 3 hadi 4 hivi, na jike humzidi dume.

Mabawa yake ni mafupi na mapana, na mkia wake ni mrefu. Umbo hilo lina sababu: mabawa marefu yangegonga matawi, bali haya humwezesha kupenya upesi kati ya miti. Awindapo, hutulia tawini kimya kwa muda mrefu, kisha humshukia mnyama ghafula na kumkamata kwa makucha yake yenye nguvu. Hula kima, mbega, perere na paa wadogo, na aweza kumwua mnyama amzidiye kwa uzito. Kima madume wana mlio wa pekee wa kuwaonya wenzao habari za tai.

Lakini ndege huyu mwenye nguvu huongezeka polepole mno. Jike hutaga yai moja au mawili katika tundu kubwa la vijiti, lililojengwa kwenye panda ya mti mrefu, na kuyaatamia siku kama 50. Wakianguliwa wawili, kinda mkubwa humwua mdogo. Yule abakiye hukaa tunduni zaidi ya miezi mitatu, na hata akiisha kujua kuruka, wazazi huendelea kumlisha kwa miezi 9 au zaidi. Kwa hiyo mara nyingi jozi moja hulea kinda mmoja tu katika miaka miwili.

Basi na tufikiri. Mtu akimwua tai kwa sababu ya mwana-mbuzi mmoja, au akikata mti wenye tundu, hasara yake haitengenezeki kwa mwaka mmoja. Tena amemwondoa adui wa kima, ambao huyaharibu mahindi yake mwenyewe. Mwaka 2012 tai huyu aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe wanaokaribia kuwa hatarini. Afadhali wana-mbuzi wachungwe mbali na ukingo wa msitu, na miti mirefu iachwe isimame.