Mtandao Umekata Ofisini: Pa Kuanzia

Mtu wa kwanza akipaza sauti kwamba mtandao umekata, ofisi nyingi hukimbilia kuzima ruta. Mara nyingine inasaidia, ndiyo maana tabia hiyo haifi. Ila ikisaidia hujui ulichotibu, na kesho mtarudi palepale. Anza kwa kuuliza: nani hapati? Pita meza kwa meza. Akiwa mmoja tu, shida iko kwenye kompyuta yake au waya wake. Wakiwa wote wa Wi-Fi huku waliochomeka waya wanaendelea na kazi, usihangaike na kampuni ya intaneti, shida ni Wi-Fi yenu. Wakikosa wote, sasa nenda kwenye ruta.

Ukifika, tazama taa kabla ya kugusa chochote. Kwenye kisanduku cha faiba, taa ya LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga haufiki: waya wa faiba umekatika, umechomoka au umekunjwa vibaya nyuma ya kabati. Hilo si la kwako, piga simu. Taa ya PON ikiwaka bila kucheza na bado hamna intaneti, ulizia kwanza kama malipo ya mwezi yamefanyika. Usione aibu kuuliza. Mhasibu kusahau kulipia ni jambo la kawaida zaidi kuliko mitambo kuharibika.

Kuzima na kuwasha kuna utaratibu wake. Zima vyote, subiri kama nusu dakika, washa kisanduku cha faiba kwanza, ngoja taa zitulie, kisha ruta, kisha swichi. Na kile kitundu kidogo cha reset kiache kabisa. Kukibonyeza kwa sindano hakuwashi ruta upya, kunaifuta: jina la Wi-Fi, nywila, na kwa baadhi ya huduma hata jina na nywila za kuunganishia intaneti. Ukifanya hivyo Ijumaa jioni, huenda mkakaa bila mtandao hadi Jumatatu.

Taa zikiwa sawa, kaa kwenye kompyuta yenye Windows, fungua cmd na uandike ipconfig. Tazama mstari wa IPv4 Address. Ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani na hakuna aliyeijibu. Badilisha waya, jaribu tundu jingine la swichi. Ikiwa na anwani ya kawaida, mfano 192.168.1.23, andika ping na namba iliyo kwenye mstari wa Default Gateway. Hiyo ni ruta yenu. Isipojibu, tatizo liko humu ndani. Ikijibu, andika ping 8.8.8.8, ambayo iko nje kabisa. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 ikikaa kimya, tatizo liko kwenye laini ya kutoka nje. Zote zikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina yake, tatizo ni DNS, yaani huduma inayogeuza majina kuwa namba. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uweke 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Kazi yote hii haichukui dakika tano.

Ugonjwa unaosumbua mafundi wengi ni ule wa "leo kwako kesho kwangu": huyu anapata, yule hapati, wakizima na kuwasha wanabadilishana. Tafuta ruta ya pili. Mara nyingi kuna mtu aliyenunua ruta ndogo ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma, akachomeka waya wa ofisi kwenye tundu la LAN, na sasa ruta mbili zinagawa anwani kwa watu walewale. Linganisha ipconfig za kompyuta mbili: moja ikionyesha Default Gateway 192.168.1.1 na nyingine 192.168.0.1, umeshampata mkosaji. Usiitupe ruta hiyo. Ingia ndani yake, zima DHCP, yaani huduma inayogawa anwani, ipe anwani isiyogongana na ya ruta kubwa, itaendelea kutoa Wi-Fi bila fujo.

Ugonjwa huo una ndugu yake: waya mmoja uliochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi ileile, kwa kawaida baada ya usafi. Taa zote hucheza kwa pamoja bila kupumzika na ofisi nzima inakufa. Chomoa waya mmoja mmoja hadi zitulie.

Mtandao ukiwa upo ila unajikokota, pima kwa kompyuta iliyochomekwa moja kwa moja kwenye ruta, wengine wakiwa wamejitoa. Ukiwa mzuri hapo, tafuta nani anapandisha video au nakala za faili mchana. Kwa Wi-Fi ya 2.4 GHz chagua chaneli ya 1, 6 au 11, na toa ruta ndani ya kabati la chuma.

Kisha kuna siku ambazo kosa si la mtu yeyote ofisini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Ukiona hata data za simu za kampuni tofauti zinasuasua, weka ruta chini, fanya kazi isiyohitaji mtandao.

Mwisho, nunua UPS ndogo kwa ajili ya ruta na kisanduku cha faiba, maana umeme unaporudi kwa kishindo huunguza zaidi ya unapokatika. Andika nywila za ruta na namba ya akaunti yenu kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango wa kabati. Na ukimpigia mtoa huduma, usimwambie tu "hakuna mtandao". Mwambie saa ulipokatika, rangi ya taa ya LOS, na kwamba ruta inajibu ping lakini 8.8.8.8 haijibu, kisha dai namba ya malalamiko kabla hujakata simu.