Udhu Kando ya Mto

Wapo watu wanaotuuliza: Dini inahusika nini na maji, miti na samaki? Je, hayo si mambo ya serikali na wataalamu? Wengine husema kwamba Mwenyezi Mungu amemtiishia mwanadamu vyote vilivyomo ardhini, kwa hiyo ana ruhusa kuvitumia apendavyo. Maswali haya yastahili jibu, hasa kwa ndugu walioingia Islam karibuni na wale ambao bado wanachungua.

Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alimpitia sahaba wake Saad r.a. akitawadha, akamwuliza sababu ya israfu ile. Saad akastaajabu, akauliza kama hata katika udhu imo israfu. Mtume s.a.w. akamjibu kwamba imo, hata kama mtu yupo penye mto upitao.

Tafadhali lifikiri jibu hili. Mto haupungui kwa makonzi machache ya maji. Tena Saad hakuwa katika mchezo wala anasa, bali alikuwa akijitayarisha kwa Sala. Basi kosa li wapi? Twajifunza kwamba ubaya wa israfu haupimwi kwa uchache wa kitu tu. Maji si mali yetu. Ni amana, na amana hulindwa hata ikiwa nyingi. Na ikiwa katika ibada yenyewe hatukupewa ruhusa ya kupoteza, ni wapi tena tutakapoipata ruhusa hiyo?

Mtume s.a.w. mwenyewe alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, kiasi kisichofika lita 1, na kuoga kwa pishi moja au zaidi kidogo.

Nilipokuwa nikisoma katika chuo cha dini ng'ambo, mwalimu wetu mmoja aliniona nikitawadha hali bomba liko wazi muda wote. Hakusema neno. Siku ya pili aliweka ndoo chini ya bomba lile. Nilipomaliza, ndoo ilikuwa karibu kujaa. Akaniamuru niichukue nikainyweshee miti ya uani, na ikawa ndiyo kazi yangu kila siku mpaka nilipoweza kutawadha kwa birika moja. Hadithi ya Saad nilikuwa nimekwisha kuihifadhi. Kuifuata ndiko nilikokuwa sijaanza.

Sasa tulitazame swali la pili. Ni kweli kwamba vitu vimetiishwa kwa ajili yetu. Lakini Kurani Tukufu yamwita mwanadamu khalifa katika ardhi, na khalifa si mwenye mali. Msimamizi wa shamba hula matunda yake, lakini akikata minazi akauza mbao, mwenye shamba atamwita amhesabu. Katika Sura Rahman twafundishwa kwamba Mungu ameweka mizani, nasi tusiipunje. Na Sura Rum yaeleza kwamba uharibifu hudhihiri barani na baharini kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu.

Mwenye kutaka ushahidi na aitazame Bahari ya Aral, iliyo kati ya Kazakhstan na Uzbekistan. Mwaka 1960 lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Mito yake miwili mikubwa, Amu Darya na Syr Darya, ikachepushwa kumwagilia mashamba ya pamba. Kufika mwaka 2007 eneo lililobaki na maji lilikuwa kama sehemu moja tu katika kumi. Moynaq, uliokuwa mji wa wavuvi, ukaachwa mbali na maji, na mashua zikabaki juu ya mchanga. Hiyo nayo ilikuwa mito ipitayo, iliyodhaniwa kuwa haina mwisho!

Lakini mlango wa toba haukufungwa. Mwaka 2005 ulimalizika ukuta wa Kok-Aral upande wa Kazakhstan. Maji ya sehemu ya kaskazini yakapanda na samaki wakarudi. Mwanadamu akirekebisha mwendo wake, ardhi nayo huitikia kwa idhini ya Mola wake.

Basi yatupasa tufanye nini?

(1) Tawadha kwa chombo, au ufunge bomba unapopaka maji. Weka ndoo siku moja ujipime mwenyewe.

(2) Panda mti. Mtume s.a.w. amefundisha kwamba anachokula mtu, ndege au mnyama katika alichopanda Mwislamu, huandikwa kuwa sadaka yake.

(3) Usichafue maji, njia wala kivuli. Mtume s.a.w. alikataza kujisaidia mahali hapo. Na mwenye kutupa taka mtoni leo na ajipime kwa katazo hilo.

Ndugu msomaji, maji tunayoyamwaga ovyo yana wenyewe. Yupo mama anayeamka kabla ya alfajiri kupanga ndoo yake kwenye foleni. Huenda tukatoka msikitini viungo vimetakata, na haki ya mama yule iko shingoni mwetu.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa walinzi waaminifu wa amana yake. Amin.